Akiba haiozi, ila noti inaoza

Januari 2025, redio zilipokuwa zikitangaza kwamba Benki Kuu ya Tanzania inakusanya noti za zamani, bibi mmoja jirani yetu hapa Kongowe alilisikiliza tangazo mara mbili, akanyanyuka mkekani bila kuaga mtu. Aliingia chumbani, akainama, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Mjukuu wake aliyemfuata nyuma alidhani bibi anatafuta dawa.

Marehemu mumewe alikuwa na tabia ya kuficha hela. Hilo alilijua miaka yote ya ndoa yao. Asichokijua ni alikuwa akizificha wapi na kwa ajili ya nini. Siku hiyo alitoa kila kitu kilichokuwamo: doti za kanga ambazo hazijawahi kuguswa na maji, sahani za udongo zilizoviringishwa kwenye magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Chini kabisa, chini ya karatasi ya nailoni aliyoitandika bibi mwenyewe, kulikuwa na bahasha ya kaki. Juu yake, kwa mwandiko wa marehemu, liliandikwa jina la binti yao wa kwanza, na chini ya jina maneno mawili: "ya mwali".

Ndani zilikuwamo noti za mia tano sitini na saba, na za elfu moja thelathini na moja. Nyingine zilikuwa na sura ya Mzee Mwinyi, nyingine na kichwa cha twiga. Jumla shilingi 64,500. Bibi anasema zilipokuwa zinawekwa, hela hizo zilikuwa ng'ombe mzima. Binti mwenyewe aliolewa miaka mitatu baada ya baba yake kufariki. Harusi ilifanyika kwa michango ya majirani na mkopo wa mchele dukani, huku bahasha imelala hatua tano kutoka pale wanawake walipokuwa wanapeta mchele huo.

Mjukuu alimpeleka bibi benki, Maili Moja. Tangazo lilisema noti za kuanzia shilingi 20 hadi 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya karatasi ya 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Zilibadilishwa bila tatizo. Akatoka na shilingi 64,500 zile zile, zinang'aa, na hazifikishi bei ya mbuzi.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Sijui walikuwa wanazungumzia akiba gani, maana hata mahindi ghalani yanabunguliwa.

Kabla sijaendelea, niseme ni Kongowe ipi hii. Ukipanda gari Mbagala ukamwambia konda "Kongowe", atakushusha Barabara ya Kilwa na hutatuona. Kongowe yetu iko Barabara ya Morogoro, mjini Kibaha mkoani Pwani, ukishapita Maili Moja na kabla hujafika Mlandizi. Wenyeji ni Wazaramo na Wakwere. Waliobaki tumekuja kwa awamu: waliofuata kazi pale Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa na nchi za Nordiki miaka ya 1960, wastaafu waliotafuta kiwanja cha bei ya kustaafu, na siku hizi vijana wa Dar es Salaam waliochoka kodi. Treni ya umeme nayo, iliyoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina kituo Soga, upande wetu huu. Mtaa mmoja unaweza kuwa na Mzaramo, Mchaga, Mnyakyusa na Mmakonde, na Jumamosi yoyote ya msimu wa harusi utawakuta wote chini ya turubai moja wamevaa sare moja.

Ndiyo maana nikaona suala la kumwekea mtoto hela ya harusi tangu angali mchanga linafaa kuzungumzwa kutokea hapa. Watu wengi niliowauliza kama wamemwekea mtoto akiba ya harusi walicheka. Harusi ya mtoto wa miaka minne? Lakini ukikaa nao kidogo unagundua wanaweka, na wanaweka sana. Ni vile tu hawaiiti akiba.

Marehemu mama yangu alikuwa na daftari. Lilikuwa lile kubwa la mistari, lenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, na lilikaa juu ya kabati pamoja na msahafu, jambo lililotufundisha watoto heshima yake. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu alizozipiga kwa rula yangu ya shule. Safu ya kwanza jina, ambalo karibu mara zote lilikuwa la mtoto: Mama Zuhura, Mama Idi, Mama Pili wa kisimani. Safu ya pili shughuli: arobaini, kumtoa mwali, kicheni pati, harusi, tanga. Safu ya tatu kilichotolewa. "2,000 na doti 1." "Sukari kilo 3." "5,000 na kupika siku mbili." Hiyo ya kupika siku mbili ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana hakuna benki inayojua kuiandika.

Kurasa za mbele zilikuwa za alivyotoa yeye. Ukiligeuza daftari na kulianza kwa nyuma, zilikuwa za alivyopewa. Dada yangu alipoolewa, mama alikaa kibarazani usiku kucha na kandili akizilinganisha kurasa za mbele na za nyuma, kama mhasibu wa serikali mwezi Juni. Aliyepewa doti alirudisha doti na kitu juu yake. Waliosahau walikumbushwa kwa adabu ya pwani, yaani kwa kuulizwa hali ya watoto wao mara nyingi kuliko kawaida. Mama alikuwa amemwekea dada akiba ya harusi kwa miaka ishirini, shilingi elfu mbili kwa elfu mbili. Aliziweka kwa watu.

Utaratibu huu una mizizi mirefu huku kwetu. Kwa Mzaramo shughuli ya kwanza ya binti haikuwa harusi bali uali. Akivunja ungo alifungiwa ndani, akafundwa na kungwi, akapewa mwana hiti, kile kisanamu cha kuchongwa alichokitunza kama mtoto, na siku ya kutolewa nje ngoma ikapigwa na watu wakatuza. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi na Wazaramo, aliandika kitabu kizima kuhusu mila hizo, kikachapishwa mwaka 1970. Ninachotaka msomaji aone ni upande wa gharama. Mzazi wa binti alijua toka siku ya kwanza kwamba ana deni la shughuli mbili, na jirani yake naye alijua ana deni kwake. Pale mwali alipotuzwa kulikuwa na mtu anayekumbuka nani kaweka nini usoni mwa mwali. Siku hizi mtu huyo anakaa na kalamu.

Sasa tatizo. Daftari la mama linafanya kazi kwa sharti moja: watu wasihame. Mama Zuhura akihamia Kigamboni, na Mama Pili wa kisimani akafa, na watoto wake hawajui kusoma mwandiko wa marehemu, akiba imekwenda. Kongowe ya leo ni ya watu waliohama. Mama aliyechangia harusi kumi na saba Tabata kisha akajenga hapa, harusi ya mwanawe ikifika mtaa mpya unamtazama tu kwa huruma. Atafungua kundi la WhatsApp, atawaingiza watu mia mbili, nusu watajitoa usiku, na waliobaki wataandika "Hongera sana dada, tuko pamoja". Tuko pamoja si kiasi cha fedha. Kamati itapiga simu za kukumbusha ahadi mpaka mwenyekiti akose sauti, na wiki ya harusi baba atakwenda kukopa kwa wale jamaa wa mikopo ya simu ambao wakikudai wanawapigia hata wakwe.

Haya, basi mtu afanye nini?

Wanawake wengi wa hapa watakujibu kwa neno moja: kikoba. Na wana haki. Nimekaa kwenye kikao chao Jumapili moja alasiri, chini ya mkorosho. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu ambao si mwenyekiti wala katibu wala mweka hazina. Linafunguliwa mbele ya wote. Hisa zinanunuliwa kwa sauti, mhuri unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama, na aliyechelewa analipa faini hata kama alikuwa anamnyonyesha mtoto, kwa kuwa mtoto huyo alikuwepo na wiki iliyopita. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukaletwa Afrika Mashariki na mashirika ya maendeleo, na sisi tukaugeuza wetu kabisa kiasi kwamba ukimwambia mama wa Kongowe kuwa umetoka Niger atakuuliza Niger ni wilaya ya wapi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe. Kama chako hakijasajiliwa, siku mweka hazina akihama usiku utakuwa na hasira tu, karatasi huna.

Lakini kikoba kina umri wa mwaka mmoja. Desemba kinavunjwa, kila mtu anapewa chake, watu wanakula pilau, Januari wanaanza upya. Mwaka mmoja unatosha kununua cherehani au kupaua nyumba. Mtoto wa arobaini ataolewa baada ya miaka ishirini na tano, na katikati zipo Desemba ishirini na tano, kila moja na ada yake, bati lake na mgonjwa wake. Mchezo, yaani upatu wa kupeana kwa zamu, nao ni hivyo hivyo: kijumbe akikupa zamu yako, hela inakaa mkononi siku mbili, ikichelewa sana tatu. Vyombo hivi ni vizuri sana vya kukusanyia. Vya kutunzia miongo miwili, hapana. Wala sizungumzii ule upatu mwingine wa kupanda na kuvuna mara mbili, ambao nchi nzima iliujua kwa jina la DECI mpaka serikali ilipoufunga mwaka 2009. Huo haukukusanya wala kutunza.

Wazee wetu walijua kuwa hela ikikaa muda mrefu inaota mbawa, na walilijua hilo kwa machungu. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 17 hivi kwa bei ya serikali. Miaka kumi baadaye ilikaribia shilingi 600. Miaka ya 1980 bei zilikuwa zinapanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, maana yake kitu cha shilingi mia mwanzoni kinataka zaidi ya shilingi elfu moja na mia tatu baada ya miaka kumi. Uganda walipata pigo la namna yao: Mei 1987 serikali ilitoa shilingi mpya kwa kubadilisha 100 za zamani kwa 1, na juu yake ikakata kodi ya asilimia 30. Baba wa Masaka aliyekuwa na mahari ya mwanawe ndani ya mto wa kulalia aliamka maskini bila kuibiwa.

Kwa hiyo hawakuweka noti. Mama wa pwani aliweka kanga, na aliyejaliwa aliweka dhahabu: bangili moja mwaka huu, kidani mwaka kesho, vikaletwa na ndugu aliyeko Muscat au Dubai. Kanga nayo ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1983, vita ya uhujumu uchumi ilipopamba moto, watu walitupa mali mitoni kwa hofu ya kuulizwa wamezipata wapi, na mama mwenye doti ishirini za mwali uvunguni alikuwa na la kujieleza. Dhahabu ilivumilia vizuri kuliko vyote.

Waliokwenda mbali zaidi walijenga. Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti nyumba ya mawe, mume ndiye aliyehamia kwa mke, na mara nyingine nyumba ya baba na ya binti ziliunganishwa na chumba kilichopita juu ya kichochoro, wakakiita wikio. Ngazidja, Komoro, nyumba ni ya binti mpaka leo. Inaanza kujengwa akiwa mdogo, inapanda chumba kwa chumba kadiri ndugu walioko Marseille wanavyotuma hela, na siku ya ndoa kuu, wanayoiita anda, bwana harusi anaingia kwenye nyumba ya mke kama mgeni. Ukitembea vijiji vya kule utaona nondo zinachungulia angani juu ya nyumba ambazo hazijaisha. Mwenye kupita atadhani mwenyewe amefilisika. Kumbe binti ana miaka kumi na miwili tu, hakuna haraka.

Naona Kongowe tumeanza kuiga bila kujua. Baba mmoja dereva wa lori alinionyesha matofali yake, mia tatu na kitu, yamepangwa nyuma ya nyumba na kuota ukungu wa kijani. Kila mtoto ana rundo lake. La binti lina alama ya chokaa. Nilimuuliza kwa nini asiyauze aweke hela benki. Akaniangalia kama mtu aliyemuuliza kwa nini hauzi mguu. Tofali, alisema, huwezi kulichukua usiku ukanywea bia. Kuna busara kubwa hapo, ingawa mvua za masika mbili tatu zinalimega tofali lisilokolea saruji vizuri. Wengine wananunua kiwanja. Kwa kiwanja nasema nenda ofisi ya serikali ya mtaa kwanza, kisha ardhi halmashauri, na usitoe hata mia kabla hujaona mipaka kwa macho, kwa sababu katika ukanda huu kiwanja kimoja kimewahi kuwa na wenyewe watatu na wote wana karatasi. Na ukikipata, andika jina la mtoto, si la mjomba "kwa niaba".

Kuna njia za mjini pia, na safari hii nitazitetea, maana watu wetu wanaziogopa bure. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto tangu Oktoba 2008. Mzazi ananunua vipande kwa jina la mtoto, kidogo kidogo, na huhitaji kuwa tajiri kuingia. Benki nazo nyingi zina akaunti za watoto. Serikali inauza hatifungani hadi ya miaka 25, umri ule ule wa bibi harusi wa siku hizi, ila hiyo inaanzia shilingi milioni moja, kwa hiyo ni ya aliyepata kiinua mgongo. Mwislamu anayekwepa riba asidhani mlango umefungwa: Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya sharia tangu 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo.

Tupige hesabu moja tu, nisije nikamchosha mtu. Mzazi anaweka shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 22. Mfukoni mwake zitatoka 2,640,000. Akiziweka uvunguni, na tuchukulie bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, siku ya harusi zitanunua vitu vya shilingi milioni 1.1 hivi za leo. Akiziweka mahali panapompa, tuseme, asilimia 8 kwa mwaka, atakuta milioni 7 na ushei, ambazo kwa bei za leo ni kama milioni 3. Kwa ukumbi wa mjini, MC na mapambo hazifiki mbali. Kwa harusi ya Kongowe yenye turubai, pilau la ng'ombe mmoja na muziki wa kukodi, zimefanya kazi kubwa, na baba hatapigiwa simu na jamaa wa mikopo.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na bahasha ya yule marehemu mume wa bibi, Mungu amrehemu. Aliandika "ya mwali". Angeandika jina la binti tu, akakomea hapo.

Nina sababu. Hela iliyopewa jina la harusi inaanza kuitafuta harusi. Nchi yetu bado ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Baba mwenye kibunda cha "harusi" na binti aliyefeli kidato cha pili ana kishawishi mkononi. Kibunda hicho hicho kikiwa na jina la binti peke yake kinaweza kuwa ada ya chuo cha ufundi au cherehani nne na fremu pale stendi, na harusi ikafuata kwa muda wake.

Wenzetu wamelifikiria hili. India ilianzisha mwaka 2015 akaunti maalumu ya watoto wa kike, Sukanya Samriddhi. Inafunguliwa kabla mtoto hajavuka miaka kumi, mzazi anaweka kwa miaka 15, na inakomaa baada ya 21. Inaweza kufungwa mapema kwa ajili ya ndoa, lakini si kabla binti hajatimiza miaka 18, na akifika umri huo sehemu ya hela inaweza kutoka kwa ajili ya masomo. Yaani wamekubali kwamba wazazi wanawaza harusi, hawakuwasema, wakaweka tu mlango mwingine pembeni. Linganisha na Florence ya mwaka 1425, mji wa Italia uliokuwa vitani na ukatafuta hela kwa kuwafungulia akina baba mfuko wa mahari ya mabinti: weka leo, utalipwa baada ya miaka saba na nusu au kumi na mitano. Waliolipwa walikuwa waume, ndoa ikishatimia. 

Na wa kiume? Nimeuliza sana swali hili na jibu ni lile lile: atajitafutia. Huyo anayejitafutia ndiye atakayedaiwa mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, begi la bibi harusi na nauli ya wapambe. Mwaka atakaopata kazi ndio mwaka atakaokopa kwa ajili ya posa, kisha ataanza ndoa akiwa na deni na mke asiyelijua. Sioni kwa nini rundo la matofali liwe la dada yake tu.

Daftari la mama sijalitupa. Bado naandika, siku hizi kwenye simu: jina, shughuli, kiasi. Kupika siku mbili sijaandika, maana siku hizi tunakodi wapishi. Sidhani akiba ya watu itakufa Kongowe, wala sitaki ife. Turubai lisilo na watu ni turubai tu. Ila mtu aliyehama asiitegemee peke yake kama mama yangu alivyoitegemea, yeye aliyeishi na majirani wale wale mpaka anazikwa.

Yule bibi hela zake hakumpa binti. Binti ana miaka arobaini na kitu, ana watoto watano, harusi yake imeshasahaulika. Alimpigia simu kumwambia tu kwamba baba yake alimwekea, wakalia wote wawili kwa vocha ya mjukuu. Hela zimeingia kwenye kikoba, hisa kwa jina la kitukuu aliyezaliwa Februari, na bibi amewaambia wazi wazi watu watatu wa nyumbani ziko wapi na zimefika ngapi. Desemba kikoba kikivunjwa, mjukuu ameahidi kumpeleka kuulizia vile vipande vya watoto.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto wa arobaini mwezi huu: watu watakuja, watakula, watatuza. Kabla hela zile hazijageuka mkaa na soda, toa hata elfu ishirini, iweke mahali panapoizalisha, kwa jina la mtoto, wa kike au wa kiume. Na usiku huo huo mwambie mwenzako umeiweka wapi.